Pampu Mpya ya Gari la Baba

Nyumbani,
chumba cha mbele, dirishani,
Jumapili asubuhi, mwezi wa tano.

Mpendwa Tinda, mdogo wangu,

Hujambo huko uliko? Kile kifua kilichokusumbua wakati wa baridi kimepona, au bado unajifanya jabali mpaka uzidiwe? Sisi hatujambo. Baba ni mzima, ila magoti yanamlalamikia akipanda ngazi. Mimi nipo, karakana hainipi nafasi ya kupumua, na mikono inanuka grisi hata niisugue vipi.

Tangu Mama atutoke tulizoea kuwa watatu, nawe ukatuacha wawili. Juzi nimepakua chakula nikajikuta nimejaza sahani ya tatu. Baba aliitazama, akaila na hiyo.

Sasa nikupe habari za lile gari lake jekundu la spoti. Kwenye simu nilikuficha, sikutaka uumie ukiwa kazini: lilikuwa liuzwe. Pampu ya maji ilikufa. Beringi yake ilikwisha, ikawa inapiga kelele kama paka aliyebanwa na mlango, na maji yanachuruzika sakafuni. Baba alizunguka maduka ya vipuri yote, hola. Pampu za aina ile hazitengenezwi tena. Akatokea mnunuzi wa vyuma chakavu, akawa analigonga-gonga ubavuni utadhani anachagua tikiti maji. Baba akamwambia aje alivute Jumamosi.

Nikamshauri tufunge pampu ya umeme. Alinijia juu!

"Gari hili limezaliwa na mkanda, litakufa na mkanda. Unataka kuligeuza friji?"

"Baba, ile inayozungushwa na mkanda inaitegemea injini. Injini ikienda polepole, nayo inalegea, ndiyo maana lilikuwa linachemka kwenye foleni. Hii inakula betri, haijali injini inakwendaje."

Akanuna, akaenda zake. Jioni nikamwona amesimama mlangoni pangu, anachezea kifungo cha shati.

"Hiyo ya umeme," akasema, "inaweza kwenda mpaka uwanja wa ndege na kurudi?"

Tinda, moyo ulinipasuka. Muda wote huu Baba hajaniuliza hata mara moja utakuja lini. Ukipiga simu anakusalimu upesi upesi kisha ananipa mimi, nami nikadhani ni uchovu wa uzee. Kumbe mzee wa watu ana lake moyoni.

Tukaanza kazi. Tulimwaga maji, tukatoa pampu kuukuu na kuziba tundu lake kwa kibati, tukaweka mkanda mfupi wa kuzungusha altaneta tu, ile inayochaji betri. Pampu mpya, kitu kidogo cha kushikika mkononi, tukaifunga kwenye mpira wa chini wa rejeta. Mimi nikavuta waya, nikaweka fyuzi na kihisi cha kupima joto. Baba alishika tochi na kunikosoa, kazi anayoipenda kuliko zote.

Tulipowasha, mshale wa joto ukapanda moja kwa moja hadi kwenye nyekundu. Nikazima haraka. Baba akakaa juu ya ndoo, akajifuta uso kwa tambara la mafuta bila kujua.

"Mwache yule bwana aje alichukue," akasema. Sauti haikuwa yake.

Nikashika mipira ya maji. Mmoja unaunguza, mwingine baridi kabisa. Hewa ilikuwa imenasa ndani, maji hayapiti. Nikamwambia, "Baba, inuka, bado hatujashindwa." Tukainua pua ya gari kwa jeki, nikawasha pampu peke yake bila injini. Yeye akawa anaminya mpira huku mimi naongeza maji. Ikakohoa, ikatoa mapovu, ikakohoa tena, kisha maji yakaanza kuzunguka.

Yule mnunuzi alipofika Jumamosi, gari lilikuwa linanguruma getini. Baba, uso umejaa grisi, akamwambia, "Umechelewa, rafiki yangu. Mgonjwa amepona."

Mchana huohuo tulilipeleka barabara ya sokoni, kusudi, jua likiwaka. Tukakwama nyuma ya lori la saruji mpaka madereva wakashuka kunyoosha miguu. Mshale haukupanda. Baba alikuwa anauchungulia kila mara, namna alivyokuwa akikuchungulia wewe ukiwa mchanga, kuhakikisha unapumua.

Tuliporudi alizima injini, pampu ikaendelea kuvuma kidogo ili kuipoza. Tulibaki tumekaa humo, hakuna aliyetaka kushuka.

"Ukimwandikia mdogo wako," akasema, "mwambie akija nitakwenda kumpokea mwenyewe. Wewe utarudi na teksi."

"Kwa nini mimi?"

"Gari lina viti viwili tu, mama. Nami nataka kukaa naye."

Basi nimekufikishia kama alivyosema. Shangazi anakusalimu sana, na fundi viatu wa pale kona anauliza kama huko mnatembea peku, maana hajaona kiatu chako siku nyingi. Mungu akulinde, akufungulie njia ya kurudi, akukutanishe na mzee wako angali na nguvu za kushika usukani.

Njoo, Tinda. Teksi nitapanda, tena nikiimba.

Wako akupendaye na kukukumbuka kila siku,
Dada yako.