Kiti Kisicho na Mto

Mpendwa Baba,

Yule daktari wako ameletwa darasani kwangu. Nimefurahi, na furaha yenyewe si nzuri.

Najua unamkumbuka. Mawe ya machimbo kule Kitengela yalipokuvunja mgongo, ndiye aliyepewa kazi ya kukurudisha kwenye maisha. Kila kliniki alikupima nguvu za mikono, akakusifu unavyosukuma kiti cha magurudumu, akakuhimiza ukae zaidi. Hakuwahi kukufunua shuka. Nilipomwomba akuangalie nyuma, alicheka: "Siwezi kuaibisha mzee mbele ya binti yake." Nami nilikuwa nimeshashika mlango nitoke!

Wewe ukampenda. Njia nzima ya kurudi Kisaju ulikuwa unamsifu tu. "Nakerai, huyo kijana ako na heshima," uliniambia, mkono wako kichwani mwangu kama nilipokuwa mtoto. Ulikuwa ukijiogesha mwenyewe, na huko chini huhisi chochote, basi nani angejua? Tulijua kwa harufu. Kidonda cha kukalia sehemu moja kilikuwa kimefika mfupa, na hakikupona mpaka tukakuzika.

Nilipoenda kusomea vidonda sugu, watu walisema ni wito. Ilikuwa hasira, Baba. Sasa nafundisha madaktari wa utengamao, wanaorudishia walioumia uwezo wao kama yeye, hapa Kajiado. Kila mmoja kwa zamu anakaa kwenye kiti cha magurudumu kisicho na mto, amefungwa mkanda, haruhusiwi kujiinua hata kidogo, huku nikiendelea kufundisha. Akilalamika namfungua. Huwa wanacheka, na somo linawaingia.

Jana ilikuwa zamu yake. Ameota kitambi siku hizi. Alivumilia, kisha jasho likaanza kumtoka.

"Daktari, naumia. Nifungue."

"Una bahati unaumia," nikamwambia. "Mgonjwa wako hakuhisi kitu."

Ungekuwepo ungenikataza, ungesema mgeni hafanyiwi hivyo. Lakini hupo, na ni yeye aliyefanya usiwepo.

"Kwani nimekukosea nini?"

Nikamtajia jina lako polepole, na la ukoo pia. Alifikiri kwa bidii, maskini, kisha akatikisa kichwa.

Nikaukaza mkanda, nikaendelea na somo.

Pumzika, Baba. Mimi bado niko naye hadi Ijumaa.

Binti yako