Eti Nina Mimba

Zubeda shoga yangu, Bi Chausiku wa jirani kampigia simu mume wangu Twalib, eti kaniona natapika uani na tumbo limetoka, nina mimba.

Twalib yuko Muscat mwaka wa pili huu!

Kanipigia, hata salamu hakuna. "Mimba ya nani?" Nikamwambia sina mimba, nimenenepa kwa mawazo. "Mtu mwenye mawazo si anakonda?"

Mie ndo nanenepa. Si unajua tangu mama afe, usingizi ukigoma nabugia maandazi mpaka natapika.

"Mimba ya nani?" karudia, kakata simu.

Sijalia hata. Nimekaa tu nakula kiporo cha wali, sisikii hata chumvi.

Nimemwandikia: "Mwambie mama yako anipeleke mwenyewe nikapime."