Eponji yenye nilitia mu sele ya Papa Bahati

Karuba, siku ya ine. Mvula inanyesha tangu asubui, na ukungu umekaa juu ya kilima kama mugeni anangojea chakula. Mie mwenye nachekaka ata ku matanga, leo cheko sina.

Kwa wale bado hawanijue: njo mie Mama Furaha, nashonaka. Nguo, mifuko, kusen, ile mito ya viti, matela za kulalia zenye zimepasuka. Masomo niliachia mwaka ya tatu, lakini mikono yangu iko na akili. Mudomo nayo haijapumuzikaka tangu nizaliwe.

Leo nandika kitu sijaambia muntu.

Kuna Papa mumoja hapa kwetu, Papa Bahati, njo anabebaka maziwa ya ngombe za bamama mupaka soko ya Sake na farasi yake, Kahawa. Mwezi yenye imepita aliniletea sele, ile tandiko anakaliaka. Chini yake kuko kusen mbili, moja kushoto, moja kuume, zote zilikuwa zimelala. Alisema: "Mama, uongeze kidogo tu, kila upande."

Kati ya zile kusen mbili kulikuwa nafasi wazi, kama mufereji. Mie nikaona ni kazi mbaya. Nani anauzaka matela yenye shimo katikati? Nikakata eponji nzuri, ile ya matela, nikajaza ule mufereji wote, nikashona juu yake. Ilikuwa laini, ungetamani kuilalia. Nikajisifu kweli.

Haikupita ata wiki mbili, Kahawa akatoka kidonda. Katikati ya mugongo.

Nilikiona pale barabarani, kwenye bamama bakusanyikaka na bidon zao za maziwa. Hakuna mwenye aliniuliza kitu. Nikasema: "Munaona? Anamupigaka fimbo, huyu Papa!"

"We uliona?" Mama Zawadi akauliza.

"Nitaona wapi? Kidonda njo kinasema!"

Tukacheka. Siku ya yenga ile habari ilifika kanisani, ikanirudilia na nyongeza: eti anapigaka na chuma. Nami nikashika kinywa, "Eeh, na chuma!", kama vile haikutoka kwangu.

Mumoja mumoja, bamama wakaanza kupatia maziwa yao bale ba moto, ile pikipiki.

Leo Papa Bahati alifika kwangu, amelowa, sele juu ya kichwa, Kahawa nyuma yake. Niliogopa. Nilizani amesikia. Kumbe alikuja kunifundisha.

Kidonda kilikuwa kimeshakauka; akaweka sele juu ya mugongo, bila blanketi. Aliiweka mbele kidogo, akaisukuma nyuma polepole mupaka ikasimama yenyewe, nyuma ya mufupa wa bega, kwa sababu bega inatembea, haitaki kufungwa. Akanionyesha ile sehemu ya mbele imepanda kama upinde: kati yake na mugongo vidole tatu vinapaswa kupita. Mukaba wa tumbo, hapana kuukaza mara moja, unakaza kidogo, unangoja apumue, unakaza tena. Halafu akanipeleka nyuma ya farasi.

"Inama, Mama. Unaona mwangaza kule mbele?"

Sikuona kitu. Ilikuwa giza tu.

"Mufupa wa mugongo njo unapitaka pale. Haibebake kitu. Uzito unabebwa na nyama, huku na huku."

 Ile giza ilikuwa eponji yangu.

"Kosa ni yangu," akasema. "Sikuangalia kabla ya kuifunga. Na sikutaka kuiongea mbele ya bantu, bangesema Mama Furaha hajue kushona."

Alinificha. Wiki tatu, huyu Papa alikuwa ananificha, na mie nikitembeza jina yake kijiji muzima.

Halafu akasema, anapangusa Kahawa masikio: "Banasema eti namupigaka. Sijue nani alianza."

 Nikajifanya natafuta mukasi.

Haikuisha hapo. Ile maziwa imebaki ni ya bamama mbili tu. Siku ya posho, kesho kutwa, atamuuzisha Kahawa ku Sake, yeye aende ku migodi ya Omate, kuchimba zahabu. "Mu shimo hakuna farasi," akasema, na akacheka. Papa wa ndevu nyeupe, na magoti yake yale!

Alipoenda, sele ameniachia, nilifungua mushono yote. Eponji ikatoka nzima, imebanwa katikati, na damu kidogo imekaukia. Nikapitisha mukono mu mufereji, ikatokea upande wa pili. Nikainama. Mwangaza ilikuwa inapita.

Sele nitaishona tena kwa saa moja. Ile ingine, jina ya Papa Bahati, nitaishona na nini?

Ningalimwambia leo, pale pale. Nilikuwa na mudomo, nilikuwa na nafasi. Nikatafuta mukasi yenye ilikuwa imelala kwa magoti yangu.

Kesho ni siku ya tano, inabakia ile siku moja tu kabla Kahawa auzishwe. Asubui, kabla ya bidon ya kwanza kufika, nitakuwa pale barabarani. Nitamuomba Papa Bahati naye afike. Uongo yangu bamama baliiamini bila kuona kitu. Kesho nitakuja na eponji mu mukono, na kila mumoja ataishika, Mama Zawadi wa kwanza. Bakitaka kunicheka, banicheke.

Mungu wangu, ukate hii mvula. Muntu ata mumoja asikose kufika.