Wimbo wa Maziko, na Baba Yuko Hai

Kitale, Jumatano

Mulembe, baba. Mulembe wewe na mama na wote mlio hapo nyumbani. Mguu wa mama umepona, au bado anaukokota shambani huku akikataa dawa? Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio haukai, na sababu unaijua.

Wanjala, ndugu yangu, ni wewe utakayemsomea mzee. Soma pole pole, usiruke neno kwa kumhurumia yeye wala mimi. Nakujua: ukifika mahali pagumu unakohoa, kisha unageuza karatasi. Leo usikohoe.

Baba, niache nianze mwanzo, maana umeambiwa vipande vipande. Litungu lako ndilo lililonifanya hivi nilivyo. Nikiwa mdogo nilikaa karibu na mguu wako nikihesabu zile nyuzi saba ukilipiga, na ukinifukuza nikachunge, narudi kwa mlango wa nyuma. Kule misheni, upande wa Lugulu, nikafundishwa do-re-mi na kinanda cha kukanyaga. Kisha vita. Wenzangu walipewa bunduki, mimi nikapewa tarumbeta, na sajini wa bendi akanifundisha kuandika nota: unachora mistari mitano, unaweka sauti juu yake, na mtu wa mbali asiyekujua anaiona na kuiimba. Hilo lilinishika mpaka leo. Nilirudi nikawa mwalimu hapa, nikatunga nyimbo za watoto, za mavuno, za Krismasi. Watu wanazipenda. Lakini nilijua bado sijaandika kitu.

Sasa, mwezi uliopita mkubwa wa elimu alitangaza kwamba Jumamosi hii kwaya zote zitaimba mbele yake, na mwalimu atakayeleta utungo wake bora atapelekwa chuo Uganda, miaka miwili, asome muziki. Muziki tu, baba! Mimi nikawapa kwaya wimbo wa nyumba yetu, ule unaopigwa mkubwa wa nyumba akishalazwa kaburini. Nilikuwa nimeshauandika kwa sauti nne. Sikutia hata neno moja, wanaimba kwa mdomo wazi tu. Nikajidanganya kwamba bila maneno si maziko. Tena nikasema, huku Kitale nani ataujua?

Haya. Jumatatu ya wiki iliyopita tulikuwa darasani tukiuimba, walimu na wafanyakazi wa mashamba, madirisha wazi. Barasa, yule mtoto wa shangazi anayepalilia mahindi shamba la jirani, alikuwa akipita na gunia begani. Nikasikia kishindo. Kumbe ametupa gunia. "Uuuwi! Mzee wetu!" Kabla sijashuka ngazi ameshafika barabarani. Nikamkimbilia nikiita, "Barasa! Ngoja bana, ni mazoezi tu!" Akadandia lori la mahindi, akaenda. Nitamlaumu vipi? Mpigaji wa wimbo ule ni wewe peke yako. Wimbo ukisikika kwa watu wengine, mtu wa kwetu haulizi nani amekufa.

Yaliyofuata Wanjala aliniandikia. Kwamba soko la Bungoma lilisikia kabla ya nyumbani kusikia. Kwamba shangazi aliingia bomani analia, akakukuta unachonga mpini wa jembe, akaanguka hapo hapo. Kwamba watu walifika na kuku na unga wa matanga, wakakupata umesimama mlangoni, wasijue waseme pole au waseme nini. Ati mmoja alikusalimia huku machozi yanamtoka. Siku nyingine tungecheka mpaka mbavu ziume. Lakini wewe ulichukua kisu ukakata nyuzi za litungu, zote, ukalitundika ukutani, na tangu hapo hujatoa ila swali moja la kuniletea: "Muulizeni, mimi nimekufa lini?"

Swali hilo nakula nalo na kufundisha nalo. Nimeliogopa kuliko nilivyowaogopa Wajapani kule vitani.

Hujafa, baba. Lakini likizo iliyopita, mchana ule mama alipotuletea uji pale ghalani, ulijaribu kukaza uzi wa tatu, vidole vikatetemeka, ukashindwa. Ukasema ati uzi umeoza. Nami nikajifanya nimeamini. Nilikwenda nyuma ya ghala nikalia kama mtoto. Wanjala hakujifunza litungu, mimi nikakimbilia tarumbeta. Ukienda, wimbo unaenda nawe, na siku ya kukuzika tutasimama pale kama mabubu. Ndiyo sababu niliuandika. Habari za chuo zilikuja baadaye, nami nikazitamani, sikufichi. Nilipaswa kuja kukuomba ruhusa kwanza. Sikuja, kwa sababu kuomba ruhusa ni kukuambia usoni kwamba nimekuona unazeeka. Sikuweza, baba. Nisamehe.

Sasa shauri ni lako. Barua hii anakuletea Barasa mwenyewe. Amerudi kazini na aibu tele, hata kunitazama hataki. Ndani ya bahasha kuna karatasi nne za wimbo. Ndizo hizo tu, na za wanakwaya nimezichukua nikazichoma. Barasa atarudi kwa basi la Ijumaa. Akija nazo pamoja na neno lako, tutaimba. Akija mikono mitupu, Jumamosi tutaimba wimbo wa kitabuni kama kwaya nyingine, chuo ataenda mwingine, nami sitauandika tena. Wanakwaya wamenuna. Mwalimu mkuu ameniuliza kama nina akili, nikamwambia kwa sasa sina. Kondoo wa kukutakasa, kwa kuwa umeliliwa ungali hai, nitamleta mimi mwenyewe likizoni, liwe liwalo.

Nisalimieni mama, mwambieni nakumbuka uji wake. Shangazi mpeni pole kwa kuanguka. Mke wa Wanjala mpeni asante, najua ndiye aliyewapikia waombolezaji wote wale bila kujiandaa. Na mzee wa kanisa, jirani yetu, aliyefika na Biblia ameshafungua mahali pa mazishi, mwambieni aiweke alama tu, asiwe na haraka.

Baba, ukitaka kuzitia karatasi hizi motoni, zitie, sitanung'unika. Ila kabla ya hapo nakuomba kitu kimoja. Chini ya kila nota nimeandika do-re-mi, na hiyo Wanjala aliisoma shuleni. Mwache akuimbie sauti ya kwanza, mara moja tu. Karibu na mwisho kuna mahali ambapo sina hakika kama wimbo unapanda au unashuka. Mimi nimeandika unashuka. Kama nimekosea, nisahihishe, baba. Sina mwingine wa kumuuliza.

Ni mimi mwanao,
Wafula