Furaha Anakwenda Kilabuni

Jumamosi, 1 Machi

Ukumbini Manassas tena, mazoezi ya jimnastiki. Kiti kilekile cha plastiki, soksi miguuni kwa sababu viatu haviruhusiwi, chai kwenye chupa. Binti yangu Furaha yuko juu ya boriti. Boriti yenyewe upana wake ni wa kiganja tu, imeinuliwa usawa wa kifua changu, na yeye anapinduka juu yake kinyumenyume. Namwangalia tangu yuko darasa la kwanza. Bado nafumba macho.

Gari letu limejaa unga mweupe wa chaki anayojipaka mikononi. Baba Furaha anasema siku polisi wakitusimamisha itabidi tujieleze vizuri.

Baada ya mazoezi kocha wake, mama mrefu mwenye sauti ya upole, alituita pembeni. Furaha anamaliza sekondari mwezi wa sita. Je, ataendelea na jimnastiki chuoni? Kwa njia gani? Timu za vyuo vikubwa zina nafasi chache na zimeshajaa. Wasichana walichaguliwa zamani, wakati Furaha yuko nyumbani na mguu uliovunjika kwenye plasta. Ila kuna milango mingine, akasema. Nikatabasamu. Moyoni natokota.

Jumatatu, 3 Machi

Kazini na Mama Njeri, kwa gari lake. Mkenya wa Nakuru, jirani yetu huku ughaibuni, hapa Woodbridge, na hoteli yetu ni moja kule Alexandria. Mimi jikoni, kifungua kinywa. Yeye mapokezi. Foleni kama kawaida, kwa hiyo nilipata nafasi ya kueleza yote.

Tatizo si kocha. Tatizo ni mdomo wangu. Kanisani nimeshatangaza kwamba Furaha atachezea timu ya chuo, watamwona kwenye televisheni. Wapo wanaoiita jimnastiki sarakasi na kuniuliza kama atapanda tembo. Hao niliwajibu kwa maringo makubwa zaidi. Sasa naona aibu kabla aibu yenyewe haijafika.

Mama Njeri alicheka mpaka akapitiliza njia ya kutokea barabara kuu. "Mama Furaha, wacha stress. Kwani lazima kila kitu mtoto anafanya iende kwa TV?"

Rahisi kwake kusema. Wa kwake anacheza chesi.

Jumatano, 12 Machi

Habari njema! Chuo kimoja kidogo kaskazini, karibu na Kanada, kina timu. Kocha wao ameangalia video za Furaha. Anaweza kwenda, ila hakuna ahadi. Atajaribiwa mwezi wa tisa. Akifaa anaingia timu, asipofaa anabaki mwanafunzi tu, kwenye theluji.

Chuo kingine kina mchezo unaofanana na huu, wa kubebana na kurushana juu. Furaha amesema hataki kurushwa na mtu. Hapo tulikubaliana.

Nimeimba jikoni asubuhi nzima. Timu ni timu. Furaha hakuimba. Alisema kule hawafundishi uhandisi, na uhandisi ndio anaoutaka. Nikamwambia atasoma kitu kingine, masomo ni masomo. Mimi huyo, niliyemkatalia kutazama katuni kwa sababu ya hesabu.

Jumapili, 16 Machi

Tumegombana.

Kuna chuo cha jimbo, kama saa mbili kwa gari. Wameshampokea, uhandisi huohuo. Jimnastiki wanayo, lakini si timu. Ni klabu. Wanafunzi wanajiendesha wenyewe. Wanapanga mazoezi, wanafundishana, anaingia yeyote, hata asiyeweza kupiga msamba. Mwisho wa mwaka anayetaka anakwenda mashindano. Furaha anaitaka hiyo. Anasema atacheza boriti na sakafu tu, na vile vyuma vya kuning'inia vinavyomchuna viganja ataviaga bila machozi.

Nikasema klabu ni ya walioshindwa. Lilitoka hivyohivyo, halikupita kwenye akili.

Alinitazama. Akajibu kwa Kiingereza kama kawaida yake, bila kupaza sauti, kwamba miaka yote hii amecheza kwa ajili ya alama za majaji, sasa anataka kucheza tu. Akisukumwa kwenda kaskazini ataacha kabisa. Akaingia chumbani. Baba Furaha akaongeza sauti ya mpira kwenye televisheni. Mwoga.

Jumatano, 19 Machi

Shikamoo, marahaba, basi.

Nimepika chapati. Kala mbili, kasema asante, kaondoka. Chapati zangu hazijawahi kushindwa kazi namna hii. Kinachonitisha ni lile neno, kuacha kabisa. Nyumba hii bila chaki siijui.

Jumamosi, 22 Machi

Zamu ya kazi. Nimerudi nikamkuta Furaha anachekacheka sebuleni. Alikuwa kwenye simu na Bibi yake, mama yangu, kule Iringa. Kwa Kiswahili! Peke yake, bila mimi kumkalia pembeni na kumrekebisha. Najua alikuwa anatafuta wa kumtetea. Ujanja huo ni wa ukoo, hata mimi niliutumia kwa bibi yangu. Haidhuru. Angalau Kiswahili nacho kimefanya mazoezi.

Jumapili, 23 Machi

Ole wangu.

Simu alfajiri. Kaka yangu mkubwa. Hakusalimia hata kidogo. Akauliza mtoto ameanza lini. Ameanza nini? Pombe.

Nilimtoa Furaha kitandani anieleze alichomwambia Bibi, neno kwa neno. Akarudia kwa fahari, maana alikuwa amejiandaa kabisa.

"Nilisema, Bibi, nimechagua kilabu. Nitaenda kilabuni jioni, mara tatu kwa wiki. Marafiki wapo wengi. Bibi akauliza, mama yako anajua? Nikasema ndiyo, amekasirika, lakini atazoea."

Nilikaa chini sakafuni. Iringa ukisema kilabuni umesema mahali pamoja tu. Pana mabenchi, pana ulanzi, ile pombe ya mianzi, na watu wanatoka hapo wameshika ukuta. Mtoto kachukua neno la Kiingereza, kalivisha kanga, kalipeleka moja kwa moja kwa bibi yake ambaye ni mzee wa kanisa.

Nilipomweleza, Furaha alijifunika mto usoni. Mto ukaanza kutikisika. Anacheka. Baba Furaha alicheka mpaka akakohoa. Nami nikashindwa kujizuia. Wiki nzima hatujacheka pamoja.

Jumatatu, 24 Machi

Haichekeshi tena. Bibi hapokei simu, yuko kwenye maombi. Maombi ya kumwombea Furaha. Umoja wa wanawake wa kanisa wameshaambiwa. Kaka kampigia Baba Furaha kazini kumuuliza ni baba gani anayemwacha mkewe akasirike peke yake. Shangazi wa Makambako anapendekeza mtoto arudishwe nyumbani mwaka mzima atulie. Binamu yangu wa Maryland naye kanitumia ujumbe wa pole, pamoja na namba ya mchungaji mzuri.

Furaha ananiuliza kwa nini Kiswahili hakina neno lingine. Kinalo, nikamwambia, tatizo ni ile "ni" uliyoiweka mwishoni. Ungesema klabu ya michezo ungekuwa salama. Ulipokwenda kilabuni ulishalewa.

Jumanne, 25 Machi

Bibi kapokea. Nikaanza. Mama, si kilabu hicho, ni mambo ya michezo. Akasema hata walevi wa pale sokoni wanaaga nyumbani kwamba wanakwenda kucheza bao.

Nikatafuta njia nyingine. Nikasema ni kama kwaya yenu. Hakuna anayelipwa. Hakuna anayefukuzwa kwa sauti mbaya. Anayejua anamfundisha asiyejua. Na bado mnashona sare, mnapanda basi, mnakwenda kushindana na kwaya nyingine. Mtu haachi kwaya kwa kuwa hakuchaguliwa kuimba redioni. Anaimba mpaka meno yanaisha, kwa sababu anapenda kuimba. Nilikuwa nahutubia jikoni, mwiko mkononi. Nilikuwa nasema vizuri kweli. Furaha alikuwa mlangoni, anasikiliza. Sikumwona mapema.

Bibi akauliza.

"Sasa mwanangu, kama ni kwaya, wewe ulikasirikia nini?"

Nikasema mtandao unasumbua.

Ijumaa, 28 Machi

Swali la Bibi limenifuata mpaka kazini. Nimeunguza mayai ya mgeni mara mbili. Mama Njeri akauliza kama na mimi nimeanza kwenda kilabuni. Atalitumia neno hili mpaka nistaafu, namjua.

Nimefikiri. Ukweli ni kwamba televisheni niliitaka mimi. Yeye hajawahi kuitaja.

Nikiwa darasa la sita nilicheza halaiki, yale maonyesho ya viungo ya watoto, sherehe za mkoa, uwanja umejaa. Mimi safu ya nyuma kabisa. Mama alikuja kuniona na hakuniona. Alimpungia mtoto wa watu mkono muda wote. Hilo ndilo ninalolikumbuka siku zote. Leo, nakata mananasi, nikakumbuka na mengine. Nilifurahi mno siku ile. Nilirudi nyumbani naruka njia nzima.

Jumamosi, 5 Aprili

Mashindano yake ya mwisho na kocha mama mrefu. Boriti nzuri. Sakafu nzuri sana. Vyuma, kaanguka, kaamka, kamaliza. Nafasi ya sita kwa jumla. Alilia kidogo kifuani kwa kocha wake, na kocha akalia zaidi.

Kwenye gari nikamwambia wiki ijayo tunakwenda kuiona hiyo klabu yake. Kanitazama kwa mashaka. Nikamwambia sijasema nimekubali, nimesema tunakwenda kuona. Akasema kwa Kiswahili, "Sawa, Mama." Akageukia dirishani. Nilimwona anatabasamu kwenye kioo.

Jumamosi, 12 Aprili

Tumekwenda. Mwenyekiti wao ni kijana wa mwaka wa tatu mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba. Anawaandalia ratiba, anabeba magodoro, na yeye mwenyewe anapinduka vizuri. Alitukaribisha kama tumekuja harusini.

Nilitafuta kasoro. Nilikuja tayari. Vifaa vya zamani, godoro moja limezibwa kwa utepe wa gundi. Kuna dada mmoja alianza mwaka jana tu, hajawahi kucheza utotoni, anajifunza kusimama kwa mikono. Kila akianguka wanampigia makofi. Alipofanikiwa, sekunde chache tu, ukumbi mzima ulilipuka. Nami nilipiga makofi. Nilisimama kabisa. Simjui hata jina.

Kuna boriti ya wanaoanza, imelazwa chini sakafuni. Wakasema wazazi wajaribu. Baba Furaha kavua viatu. Hatua ya kwanza sawa, ya pili kaangukia upande. Wakamshangilia sana. Sasa anasema na yeye ni mwanamichezo.

Kisha Furaha kapanda boriti ya kweli. Nimemwona juu ya kitu kile tangu utotoni, uso umekazwa, midomo imebanwa. Leo aliteleza kidogo, akayumba, akacheka. Hukohuko juu. Akaendelea. Sijawahi kumwona akicheka juu ya boriti. Sikufumba macho.

Tukirudi nikamwambia aingie. Na lile neno nililosema kuhusu walioshindwa nikalifuta. Alinishika bega kutoka kiti cha nyuma.

Jumapili, 27 Aprili

Furaha amemwandikia kocha wa kaskazini, kamshukuru, kamkatalia kwa adabu. Chuo cha jimbo wameshapata jibu lake. Basi, imekwisha.

Kanisani waliniuliza, kama nilivyojua wangeniuliza. Lini tutamwona kwenye televisheni? Nikasema hamtamwona. Ataingia klabu ya wanafunzi, wanacheza kwa sababu wanapenda. Mkitaka kumwona mtapanda gari, mwendo wa saa mbili tu, na mje na sambusa. Watu watatu wamekwishauliza tarehe. Hakuna aliyecheka. Wiki ngapi nilikuwa naiogopa siku hii, na imepita kati ya chai na keki.

Bibi kapiga simu kumpongeza. Kasema maombi hatayasimamisha, kwa usalama tu.

Jumamosi, 3 Mei

Hakuna mazoezi leo. Nimeamka saa ileile ya kwenda Manassas, mwili haujui. Baba Furaha amelala. Nimekaa mezani na daftari hili. Mvua nyepesi nje, barabara imetulia.

Furaha kaamka bila kuitwa. Nywele zimesimama, kavaa nguo za kulalia. Hakuniona, au aliniona akaona uvivu kusalimia. Kaweka maziwa kwenye jiko, anasubiri yachemke.

Amesimama kwa mguu mmoja. Ule mwingine umeanza kupanda nyuma, taratibu, mpaka umepita kichwa. Mkono mmoja unakoroga. Sukari iko kabati la juu. Kajizungusha kwa vidole vya mguu uleule, kaichukua, karudi palepale, hata kijiko hakikugonga sufuria.

Nimegeuza ukurasa polepole nisimshtue.