Pumzi za Mama Nyaga

Jumatatu, 4 Machi 2019

Watu watano nimewalaza leo. Henia wawili, akina mama wawili wa kupasuliwa kujifungua, mguu mmoja. Wote wameamka. Chai saa kumi, imepoa, nikainywa hivyo hivyo nikienda kusoma ubao wa wiki ijayo mlangoni mwa thieta ya upasuaji. Jumatatu: kichwa. Mama wa miaka hamsini na tisa, kutoka Kanja, Embu. Nikasoma jina mara mbili.

Ni Mama Nyaga. Shamba lake na letu linatenganishwa na ua wa miiba tu. Utotoni nilikula kwake kuliko nilivyokula kwetu.

Safu ya mwisho huandikwa jina la atakayempa mgonjwa dawa ya usingizi na kumpumulia. Wameandika Wanja: mimi.

Jumanne, 5 Machi

Nimejaribu kukwepa. Mwenzangu mmoja yuko likizo, mwingine hajawahi kulaza mgonjwa wa kichwa. Daktari Mutembei, mpasuaji wetu, alinitazama kana kwamba naomba ruhusa ya kwenda harusini. Akasema, "Wanja, wewe ndio uko na mkono ya hizi kesi."

Ninao mkono. Ndio ninaouogopa.

Alhamisi, 7 Machi

Mama Nyaga amefika kutoka Embu, amelazwa wodini. Kumbe amekuwa akiangusha vikombe miezi yote hii, akidhani ni uzee. Picha inaonyesha uvimbe ndani ya fuvu, upande wa kushoto, unasukuma ubongo. Alinishika mkono. "Nikasikia ni wewe utaniangalia. Sasa mimi nitaogopa nini?" Nikacheka. Kicheko cha uongo.

Nikamsikiliza kifua. Kinapiga filimbi. Miaka arobaini ya kuni katika jiko lisilo na dirisha. Nimerudi chumbani kwangu Majengo na hiyo filimbi masikioni.

Naandika ili nijitulize. Akilala, mimi ndiye nitakayempumulia. Nikimpa pumzi chache, hewa chafu itabaki mwilini, mishipa ya ubongo itapanuka, ubongo utafura, na fuvu halina pa kuupeleka. Nikimpa pumzi nyingi, mishipa itasinyaa, ubongo utapungua. Daktari atafurahi. Lakini nikizidisha, damu haitafika, na ubongo utakufa kwa kiu. Nikisukuma hewa kwa nguvu, kifua kitajaa na damu ya kichwani itakosa njia ya kushuka. Na mapafu ya moshi hayajazwi bila nguvu.

Sijatulia.

Ijumaa, 8 Machi

Hakuna anayesoma hapa, basi niandike.

Mwaka jana, Agosti. Mwiti, dereva wa pikapu ya miraa kutoka Maua. Alipinduka, tukamfungua kichwa. Kipima hewa chafu kilikuwa kimeharibika, nikawa nakisia. Daktari akasema ongeza pumzi, nikaongeza. Ubongo ukapungua kidogo. Akasema iko sawa hivyo, usiguse kitu. Sikugusa. Nilikamua mfuko wa hewa haraka haraka zaidi ya saa nzima, nikijua kwamba hiyo ni dawa ya dakika chache tu. Nilijua na nikanyamaza, maana kwetu daktari hakatizwi akiwa ndani ya kichwa cha mtu.

Mwiti hakuamka. Siku ya nne akafa. Mama yake alikuja kutushukuru kwa bidii yetu, na kikapu cha ndizi. Nilikula mbili akinitazama.

Hakuna aliyeniuliza chochote. Afadhali wangeuliza.

Jumapili, 10 Machi

Kanisani. Sikusikia mahubiri. Nimepiga pasi sare ile ile mara mbili. Nyaga, mwanawe, alipiga simu kutoka Embu: "Sista, mathe atakuwa sawa?" Nikamwambia atakuwa sawa. Nani alinipa ruhusa ya kusema hivyo?

Mimi ni mwoga. Siku zote nimekuwa mwoga, ila naficha kwa kufanya kazi haraka.

Jumatatu, 11 Machi

Niandike yote kwa mpangilio.

Saa mbili na nusu asubuhi tuliomba, kama kawaida. Mama Nyaga akasema amina kwa sauti kuliko sisi sote. Nikamlaza. Nikaingiza mpira wa kupumulia. Plasta zetu siku hizi hazishiki kwenye jasho, nikaufunga mpira kwa bendeji kuzunguka shingo. Nikatazama fundo, nikaogopa mpira usichomoke kichwa kikiwa wazi. Nikafunga la pili.

Kipima hewa chafu leo kinafanya kazi. Namba nzuri, thelathini na tano. Nikaanza hata kupumua mwenyewe.

Saa nne hivi daktari akafungua utando wa ubongo. Akasimamisha mikono. Kisha: "Wanja, brain inakuja juu." Nikasimama kuchungulia. Ubongo ulikuwa unatokeza kwenye tundu la fuvu kama unga wa mandazi uliosahaulika kwenye beseni.

"Ongeza pumzi."

Nikaacha mashine, nikashika mfuko, nikakamua. Haraka. Namba ikashuka: thelathini na mbili, ishirini na tisa, ishirini na saba. Ubongo ulipaswa kushuka nao. Haukushuka, ulizidi.

"Ongeza tena."

Hapo nikamwona Mwiti. Kisha nikatazama kifua cha Mama na nikaona nilichokuwa nikifanya. Hakikuwa kinashuka. Mapafu ya moshi hutoa hewa polepole, nami nilikuwa naleta pumzi nyingine kabla ya ile ya kwanza kutoka. Nilikuwa namjaza.

Nikasema, "Daktari, sitaongeza. Napunguza."

Hakuna aliyewahi kumwambia hivyo mle ndani. Aliinua macho tu. Nesi aliyeshika vyombo alisimama kama nguzo. Nikaachia mfuko wazi, hewa ikatoka kwa mlio mrefu, kifua kikashuka. Nikaanza upya, pumzi ndogo, nikisubiri kila moja iishe. Ubongo ukatulia, lakini haukurudi. Daktari akasema, "Bado. Tafuta shida yako huko chini."

Yangu. Nikapitisha mkono chini ya vitambaa. Mpira haujakunjika. Kichwa hakijapinda sana. Shingo. Vidole vyangu vikafika kwenye bendeji, na havikuweza kupita chini yake. Ilikuwa imezama kwenye nyama. Mishipa inayoshusha damu kutoka kichwani iko papo hapo, nami nilikuwa nimeinyonga kwa mafundo mawili.

Nikashika mpira kwa mkono wa kushoto, nikakata bendeji kwa wa kulia. Nikahesabu pumzi kumi. Daktari akasema polepole, "Eeh. Sasa inaenda chini."

Nilishika mpira huo kwa vidole mpaka kazi ikaisha, nesi wa pili akinikamulia mfuko kwa hesabu yangu. Uvimbe umetoka wote. Saa nane tumempeleka wodi ya mahututi akiwa bado na mpira. Hajaamka.

Jumanne, 12 Machi

Hajaamka. Dawa nimepunguza tangu asubuhi. Mboni za macho zinajibu mwanga. Nimefinya kucha, mkono wa kushoto umevutwa. Wa kulia hapana.

Nyaga amekaa kwenye benchi nje. Nimepita mlango wa nyuma.

Jumatano, 13 Machi

Hajaamka.

Nimekwenda chumba cha mafaili kutafuta la Mwiti. Sijui nilitaka nini. Karatasi ya usingizi ni mwandiko wangu mwenyewe: mpira umefungwa kwa bendeji, imara. Neno "imara" nimelipigia mstari chini.

Nilikaa sakafuni. Miezi saba sasa nimekuwa nikijilaumu kwa pumzi. Huenda zilikuwa pumzi. Huenda ilikuwa shingo. Huenda ni ile ajali na mimi sikuwa na kosa. Sitajua kamwe, na hilo ndilo linaloniogopesha kuliko kulaumiwa. Wangapi wengine niliwafunga imara? Naogopa kufungua faili jingine.

Nimemweleza Daktari Mutembei, ya Jumatatu na ya Agosti. Amekuna kichwa muda mrefu. Akasema, "Hata mimi Agosti nilikuambia usiguse."

Alhamisi, 14 Machi

Saa tatu na dakika kumi amefumbua macho. Amenifuata kwa macho kutoka mlangoni mpaka dirishani. Nikamwambia ashike vidole vyangu. Kushoto ameshika. Kulia vimesogea kidogo tu. Adhuhuri nimetoa mpira. Maneno yake ya kwanza yalikuwa ya Kiembu: anataka maji.

Nimekwenda choo cha wafanyakazi nikalia kwa sauti. Nilipotoka nikamwendea Nyaga kwa mlango wa mbele.

Ijumaa, 22 Machi

Mama Nyaga anarudi Kanja leo. Anatembea. Mkono wa kulia unarudi, lakini vidole bado vizito. Daktari anasema huenda ni uvimbe ulivyokuwa umekandamiza. Huenda. Nimelizoea neno hilo sasa.

Nilimkuta ameketi kitandani akijipapasa shingo. Alama ingalipo, mstari wa rangi ya zambarau. "Wee Wanja, hii kitu ni ya nini?"

Nikamwambia nilimfunga sana. Kwamba nilimnyonga bila kujua, na kichwa kikafura. Kwamba vidole vyake huenda ni kazi yangu.

Akaigusa tena ile alama. "Ulifikiri nitatoroka?"

"Niliogopa, Mama."

Nikamweleza na ya Mwiti. Sikupanga. Akasikiliza yote, halafu akauliza, "Na huyo mama yake anajua?" Nikasema hajui. Akaanza kuhangaika na vifungo vya sweta kwa mkono wa kushoto.

Kesho siko kazini. Nitakwenda Maua, kwa mama yake Mwiti. Sijui nitaanzia wapi, lakini nitakwenda.

Nyaga akaja kusema gari liko tayari. Nikapiga magoti, nikamfunga Mama sweta, kifungo kimoja kimoja kutoka chini. Cha juu, cha shingoni, nikakiacha wazi.