Yadi Moja Kasoro Nusu Inchi

Chumba cha Kushonea,
Nyuma ya Duka la Baiskeli.
Jumapili, 3 Desemba.

Mpendwa mdogo wangu Chiriku,

Pokea salamu zangu, tena zikiwa za moto, maana nimezipiga pasi kabla ya kuzikunja humu. U hali gani huko? Yale mafua yamekuachia, au bado unaongea kwa pua kama ulivyokuwa kwenye simu mwezi uliopita? Na macho je? Kuchora ramani kutwa nzima si mchezo, na wewe tangu utotoni hukuwa unaogopa kitu chochote duniani isipokuwa miwani.

Sisi ni wazima. Magoti ya Mama yanamsumbua asubuhi, ila ulimi wake hauna maumivu yoyote, kama unavyomfahamu. Wifi yako yuko palepale posta, anapima uzito wa vifurushi, na akimaliza vifurushi anawapima watu kwa macho. Mimi mwenyewe, yule uliyempachika jina la Sindano, siku hizi ni ule mto wa kuchomekea sindano. Suruali niliyojishonea mwaka juzi tumeachana kwa amani.

Sasa tuje kwenye lile jambo letu. Usijifanye umesahau.

Januari nilijigamba kwenye simu kwamba mwaka huu nitasoma vitabu. Ulicheka mpaka ukakohoa. Ukaniuliza vingapi, nikakujibu kwamba mimi ni fundi cherehani, sihesabu, napima: nitasoma yadi moja. Yaani vitabu nitakavyomaliza vikipangwa na kubanwa pamoja, unene wake ufike inchi thelathini na sita. Nawe ukasema, "Kaka, ukifika yadi nachukua likizo yangu yote, nakuja kukaa nyumbani mwezi mzima."

Ulisema kwa utani, najua. Lakini Mama alikuwa ameketi pembeni, na simu ilikuwa imewekwa sauti ya juu. Miaka sita sasa unakuja kwa siku mbili, hata begi hulifungui lote. Tangu siku ile, kila nikishika kipande cha gazeti ananiuliza, "Hilo nalo linapimwa?"

Tulimteua wifi yako kuwa mwamuzi, na hapo nilikosea. Yule mwanamke hahongeki. Kila kitabu nikikimaliza, hunihoji kwanza kilichomo, kisha hukiweka kwenye kiti na kukikalia kidogo ili hewa itoke, ndipo anachukua tepu. Nimeshawahi kupoteza robo inchi nzima kwa namna hiyo.

Miezi mitatu ya mwanzo ilikuwa ya aibu. Nilisoma vile vijitabu vyembamba vilivyozagaa humu ndani: namna ya kufuga nyuki (sina nyuki), namna ya kutunza meno ya mtoto (mtoto wangu ana meno ya utu uzima na anasoma chuo), na kimoja cha maelezo ya friji ambacho mwamuzi alikikataa. Machi ilipoisha nilikuwa na inchi mbili. Mama aliacha kunisalimia vizuri.

Nikaamua kutumia ujanja. Nikaenda maktaba, nikamwambia mkutubi, yule dada mwenye sauti ndogo na viatu vinavyolia, "Naomba kitabu kinene kuliko vyote mlivyonavyo."

"Kinachohusu nini, baba?"

"Chochote. Muhimu unene."

Akanitazama kuanzia kofia mpaka ndala. "Ni cha kusoma au cha kuzuia mlango?"

Akanipeleka kwenye rafu ya nyuma kabisa, karibu na dirisha, ambako vitabu vyote vimeshiba kama magunia. Akasema hizo ni fantasia: falme ambazo hazipo, wanyama ambao hawapo, na ramani ukurasa wa kwanza. Nikajisemea, mimi hapa nina ndevu za mvi, nitaanzaje na wanyama ambao hawapo? Lakini nilipima kwa vidole, ikawa inchi mbili kamili. Nikakibeba.

Mdogo wangu, nilikifungua ili kupata inchi, kikanifunga mimi. Kulikuwa na nchi ambayo mito yake hupanda mlima siku moja katika mwaka, na watu hupanda nayo kwenda kuwatembelea waliohama. Hiyo niliikubali bila swali. Mito ipande, miti iongee, sawa. Kilichonishinda ni mfalme kuvaa joho lililoshonwa kwa ukungu. Nilifunga kitabu nikabishana peke yangu. Ukungu hauna nyuzi, utaukataje? Ukikata bila kufuata uzi, joho linavutika upande mmoja! Mteja aliyekuwa anasubiri kupunguziwa sketi alidhani namgombeza yeye. Kisha nikakifungua tena, kwa sababu nilitaka kujua kama bitana yake ya ndani nayo ilikuwa ya ukungu.

Nilipokimaliza, nilirudi maktaba kwa haraka hata mkutubi akaniuliza kama kuna moto. Tangu hapo rafu ile naiteketeza. Nimeishi kwenye mji unaosafirishwa na kobe. Nimemlilia mchawi mmoja mzee asiyejua kuogelea, na ikabidi nimdanganye mteja kwamba ni vumbi la kitambaa.

Mama naye kaingia, ingawa atakana. Jioni hukaa nami akishona vifungo huku nikisoma kwa sauti. Sasa tuko kwenye hadithi ya juzuu tatu, ya joka lililoamka chini ya mji, na watu wote wenye akili timamu wako upande wa mji. Mama yuko upande wa joka.

"Hilo joka limeonewa," anasema. "Wamejenga soko juu ya mlango wake, halafu wanashangaa likitoka?"

"Mama, limechoma daraja."

"Daraja lilikuwa linaliziba. Wewe soma."

Kuna ajali moja lazima uisikie kutoka kwangu kabla hujaisikia kwa wifi yako, maana yeye huisimulia vibaya. Madaftari yangu mawili yanafanana: moja la vipimo vya wateja, moja la unene wa vitabu. Agosti alikuja mwokaji mikate, yule mwenye tumbo linalotangulia kuingia, nikampima suti ya harusi ya bintiye. Akili yangu ilikuwa kwa yule mzee asiyejua kuogelea. Jioni nikafungua daftari la vitabu, nikakuta inchi arobaini na nne. Nikaruka! Nikamwita Mama, nikamwambia yadi imepita, Chiriku anakuja. Mama akaanza kutandika kitanda chako palepale.

Mwamuzi alivaa miwani, akasoma kwa utulivu. "Kitabu gani hiki cha inchi arobaini na nne?"

Nikatazama. 

"Hicho," nikasema, "ni mwokaji mikate."

Naye siku alipokuja kujaribu koti alichungulia daftari la wateja, akakuta jina lake, na mbele yake: kiuno, inchi mbili na robo. Akalishika tumbo lake kwa mikono miwili. "Fundi," akasema, "nimefurahi sana, ila sidhani kama nitaingia." Hadi leo akipita barabarani anapiga kelele, "Mwembamba nakwenda!"

Tulicheka, lakini nilimwona Mama akiondoa yale mashuka taratibu na kuyakunja. Siku hiyo ndipo nilipojua kwamba huu si mchezo wangu na wewe tu. Nikaongeza kasi.

Na sasa habari yenyewe. Jana mchana mwamuzi alijumlisha vipimo vyote upya, pamoja na kurasa tulizokwisha kusoma za juzuu ya tatu, akakalia kila kinachokalika, na jibu ni inchi thelathini na tano na nusu. Nusu inchi iliyobaki ipo. Ni mwisho wa juzuu ya tatu, kurasa kama mia mbili na kidogo. Ningeweza kuzimaliza kabla ya kukuandikia. Nilikwisha hata kukohoa na kuweka sauti sawa, Mama akaweka kiganja chake juu ya ukurasa.

"Hapohapo. Funga."

"Mama! Imebaki nusu inchi tu, Chiriku aje!"

"Aje kwa sababu kashindwa?" akasema. "Mimi sitaki mtoto anayeletwa na tepu. Huo mwisho tumwachie atusomee mwenyewe. Wewe miisho unaisoma mbiombio kama mtu anayefunga duka."

Nilitaka kubisha, nikakifunga kitabu. Maana nilikumbuka tulivyokuwa tunakaa chini ya meza ya kukatia ya Baba, mimi natunga uzi kwenye sindano, wewe unasoma. Sikuwahi hata mara moja kufika mwisho nikiwa macho. Asubuhi ulikuwa unanisimulia tulipokuwa tunapiga mswaki, povu mdomoni, na mimi nikaamini kwamba miisho yote ina harufu ya dawa ya meno.

Kwa hiyo, Chiriku, kwa sheria umeshinda. Sikufika yadi, na huna deni la ahadi kwa mtu yeyote. Ndani ya bahasha hii utakuta kipande cha tepu yangu ya zamani, nimekikata penye thelathini na tano na nusu. Mwamuzi amekigonga muhuri wa posta kuthibitisha. Kipande cha nusu inchi kilichobaki kimelala ndani ya kitabu, mahali tulipokomea. Mkutubi amekubali tukae nacho hadi tarehe kumi na tano Januari, ila kasema nikwambie kuna watu watatu kwenye foleni na mmoja wao anakuja kila siku kukiulizia. Pia ile ramani ya mwanzo ina mto unaopita juu ya mlima bila sababu, na hapa hakuna mtaalamu wa kutuambia kama ni kosa au ni uchawi.

Mama amekutolea mashuka nje, yanapata jua. Sikumwambia ayatoe.

Wifi yako anakusalimu na anasema uje na uzito wowote. Binti yangu anamwamkia shangazi yake na akitoka chuo anataka akute juzuu ya kwanza imerudi maktaba, aichukue yeye. Mwokaji mikate naye anakusalimu, ingawa hamjuani. Mungu akulinde njiani, kama kutakuwa na njia, na akujalie usingizi mwema kama hakuna.

Usiulize joka linaishia wapi. Hakuna anayejua hapa nyumbani. Tunakungoja wewe.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye yadi nzima, hii haijakatwa,

Sindano